Taa Iliyowaka Mchana

Jumatatu, 16 Septemba

Mwalimu Atuhaire wa Kiswahili amempa kila mmoja wetu daftari. Tuandike muhula wote, na siku isiyo na kitu tuandike hata mstari mmoja. Hatasoma, amesema, atahesabu kurasa tu. Munirah, anayelala kitanda cha chini yangu, ameuliza kama anaruhusiwa kuandika kwa herufi kubwa sana. Mimi nimefurahi kwamba hatasoma.

Basi niandike kitu ambacho hakijanitoka kichwani tangu nilipoaga nyumbani Bwera jana kuja hapa shuleni Kasese.

Papa, yaani baba yangu, anaitwa Mbusa. Ni fundi wa umeme. Siandiki "alikuwa", kwa sababu mwenyewe hasemi hivyo. Nyumba nyingi za Bwera, kuanzia barabara ya mpakani mpaka sokoni, nyaya zake alizipitisha yeye, tangu tulipovuka kutoka Butembo, upande wa Kongo, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama, Mungu amrehemu. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka kwenye paa la ghala kule Kinyamaseke. Aliumia shingo. Anaongea, anageuza kichwa, na kidole gumba cha mkono wa kulia kinamtii. Basi.

Anayemtunza ni dada yake, shangazi yangu, Tantine Emérance. Kila baada ya masaa mawili anamgeuza ubavu, mchana na usiku, kwa sababu mtu asiyegeuzwa hufanya vidonda. Mwaka jana kidonda kilifunguka mgongoni, akalazwa miezi mitatu. Muuguzi alitutoa nje ya wodi, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kidonda kingine mwili huu hautakiweza.

Jana jioni nilikuwa nikipanga begi chumbani kwake. Giza likaingia, nami sikuona kwamba alikuwa akingojea. Mwishowe akasema, "Chérie, niwashie taa." Nikawasha. Akaitazama ile swichi, ambayo aliifunga kwa mikono yake, akacheka kidogo.

"Kulala hapa kitandani, minaweza," akasema kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Kuomba njo inanishinda."

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Hisabati.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimemweleza Mwalimu Akena wa kompyuta. Nilikuwa nimejizoeza maneno tangu Jumatano, na bado niliyasema yote kwa mkupuo, nikitazama viatu vyake.

Ana programu ya bure ya simu inayoendesha vitu vya nyumbani. Unagusa kioo, kisanduku kidogo kilichofungwa ukutani kinapokea, taa inawaka au redio inaanza kusema. Vitufe vyake ni vidogo mno kwa kidole cha Papa, lakini programu yenyewe inakubali kupachikwa vijiprogramu vilivyoandikwa na watu wengine. Mwalimu anaviita plagini. Nitaandika plagini ya Papa: miraba mitatu mikubwa inayojaza kioo chote. TAA. REDIO. KENGELE, ya kumwita Tantine. Na juu ya hayo, simu yenyewe itapiga mlio kila baada ya masaa mawili, ili Tantine ajue wakati wa kugeuza umefika.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maonyesho ya sayansi ya wilaya ni tarehe 2 Novemba. Sikuwa nimefikiria maonyesho. Sasa nayafikiria.

Jumatano, 25 Septemba

Taa ya maabara imewaka kwa simu mara kumi na mbili kati ya ishirini. Mvua.

Jumamosi, 28 Septemba

Mara ishirini kati ya ishirini. Wasichana wa bweni wanasema nimepata mchumba anayeitwa Maabara. Jina langu, Chérie, ambalo kwa Kifaransa ni "mpenzi", linawasaidia sana katika utani wa aina hii. Munirah aliwaambia waniache, halafu akaniuliza pembeni kama mchumba huyo ana kaka.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mlio wa masaa mawili umefanya kazi siku nne mfululizo bila kukosea hata dakika moja. Mwalimu Akena alikaa kwenye ukingo wa meza akautazama.

"Hapa imefanya kazi," akasema. "Lakini itakaa hapa?"

Nikamwambia Bwera ni wilaya hiihii, umeme ni uleule na programu ni ileile.

Jumamosi, 5 Oktoba

Niko nyumbani kwa ruhusa ya siku mbili. Nimeanza kazi asubuhi.

Simu ni ile ya kazi ya Papa. Ina laini mbili, ya Uganda na ya Kongo, kwa sababu wateja wake walikuwa pande zote mbili. Hakutaka nitoe hata moja. Nimeifunga kwa waya wa kufungia nondo kwenye chuma cha kitanda, upande wa dirisha linalotazama milima ya Kongo, ili kidole kiifikie. Umeme ni wa nguzo, na ukikatika betri yake ya sola inashika, hivyo taa itawaka tu.

Kabla sijafunga kisanduku ukutani aliniambia nimsogezee akione ndani. Alikitazama muda mrefu.

"Umekata waya ya bluu. Ilifaa ukate ya kahawia."

Nikamwambia nimejaribu na taa inawaka.

"Itawaka, ndiyo. Na ukiizima, itazimika. Lakini moto ya umeme ingali mu waya. Fundi wa kesho atakuja, ataona taa imezimika, atatia mukono, atakufa. Fungua."

Nikafungua, nikaanza upya. Alinielekeza kwa macho na kidevu, na kwa saa nzima alikuwa fundi na mimi kibarua wake. Alinitania kwamba ninashika bisibisi kama kalamu.

Kisha akabonyeza. Kidole kikasogea juu ya mraba, kikashuka. Taa ikawaka, saa tano ya mchana, jua limejaa chumbani. Akaizima. Akaiwasha tena. Mimi nikajifanya ninaokota vipande vya waya sakafuni.

Mraba wa KENGELE hakuutaka. Alisema niutoe, maana hataubonyeza kamwe. Nimeuacha hapohapo.

Nilimweleza pia kwamba simu inaandika kila kinachobonyezwa na saa yake, na kila jioni inatuma orodha kwenye kompyuta ya maabara.

"Kwa hiyo nikishika taa, weye uko Kasese unajua?"

"Najua, Papa. Kila kitu unachobonyeza nitakisoma."

"Basi tutakuwa tunaongea," akasema.

Kazi ngumu ilikuwa Tantine. Hana saa. Humgeuza Papa kwa kufuata kengele ya shule ya msingi ya jirani, ambayo ni rimu ya lori inayogongwa kwa chuma, na adhana, na habari za redio. Usiku huwa ana jogoo na mazoea. Nilimwambia ayaache yote hayo, afuate simu tu.

"Na kama simu imelala?"

"Hailali, Tantine. Saa yake inatoka kwenye mnara wa mtandao. Haiwezi kukosea."

Alitazama simu jinsi anavyotazama wauzaji wa dawa za mitishamba sokoni. Papa akamwambia kutoka kitandani, "Fuata simu, Emérance. Mutoto amesomea."

Jumapili, 6 Oktoba

Nimerudi Kasese. Njiani kote nilikuwa nikicheka peke yangu. Natumaini hakuna aliyeniona.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Wali. Mvua kuanzia mchana, mawingu mazito upande wa Bwera.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tantine amepiga simu kwa Mwalimu Akena, nami nikaitwa ofisini. Amesema mlio umepigwa saa nne asubuhi, na kabla hajamaliza kumenya mihogo ukapigwa tena. Siku ya Uhuru ilikuwa hivyohivyo.

"Niko namugeuza Papa yako kama chapati," akasema. Nilimsikia Papa akicheka nyuma yake.

Nimetazama orodha. Ni kweli, saa 4:00 imeandikwa mara mbili. Ni kosa langu mahali fulani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimerekebisha. Nimeongeza sharti moja tu: kama saa hii imeshapigiwa leo, nyamaza. Nimelijaribu mara hamsini. Ni mstari mfupi kuliko yote katika plagini, na ndio ninaoupenda zaidi. Mwalimu aliuliza kwa nini mlio ulikuwa ukijirudia. Nikasema kompyuta hufanya hivyo wakati mwingine. Alikuwa akiwahi zamu ya chakula, akakubali.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Mawingu upande wa Bwera tena. Orodha safi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeanza bango la maonyesho. Katikati kutakuwa na jedwali la siku ishirini za Papa, kila saa ya kugeuzwa na alama yake ya tiki. Mistari ya TAA na REDIO nimeiondoa, kwa sababu waamuzi wanahitaji kuona kugeuzwa tu. Ilikuwa mingi mno. Papa anawasha taa hata mchana. Nadhani anachezea, na nimefurahi kwamba anachezea.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Mto Nyamwamba umepanda, tumekatazwa kwenda upande wa daraja. Orodha safi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua. Tantine amepiga tena. Naandika maneno yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu yamenikera na ninataka kujua kama nilikuwa mkali.

"Chérie, simu yako iko inachelewa."

Nilimwambia haichelewi. Orodha ninayo mbele yangu, kila saa iko mahali pake.

"Batoto ba shule bamesha kutoka kula, yako ingali kimya. Nangojea, nangojea."

Nilimwambia shule ya jirani ndiyo inayogonga rimu inapojisikia. Akasema na redio je? Nikasema pengine ni stesheni ya mbali. Nikamweleza tena habari ya mnara, polepole, kama ninavyomweleza Munirah hisabati.

"Basi nikiona imechelewa, nimugeuze tu?"

Na mimi nikasema, "Hapana, Tantine, usimgeuze kabla ya mlio. Utanivurugia hesabu. Zimebaki siku nane tu."

Akasema sawa. Hakusoma hata darasa moja. Labda ni vigumu kwake kukiamini kitu kisicho na mkono wa mtu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Nimepaka bango rangi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekuwa wa pili katika wilaya.

Niliongea mbele ya waamuzi watatu na sauti haikukatika. Mmoja wao, mama mwenye miwani, alikaa mbele ya jedwali muda mrefu, akasema hajawahi kuona kumbukumbu safi namna hii hata hospitalini. Aliniuliza Papa anasemaje. Nikamwambia kwamba siku hizi haombi mtu taa.

Mwalimu Akena alinunua soda. Munirah alinibeba mgongoni mpaka getini, askari akatufukuza. Cheti nimekiweka ndani ya daftari hili.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua.

Jumanne, 5 Novemba

Mwalimu Akena alinitoa darasani. Papa ana homa tangu jana. Tantine alipomwosha leo asubuhi aliona chini ya mgongo pameiva na kufunguka. Wamempeleka hospitali. Nimepewa ruhusa, ninaondoka sasa.

Sielewi. Alama zote za tiki zipo. Nimezihesabu tena.

Alhamisi, 7 Novemba

Wodi. Papa analala, anaamka, anaomba maji, analala. Ngozi yake inachoma. Daktari ni kijana, na huongea nasi akiwa amekaa, si amesimama. Amesema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu, na wanampa dawa iliyo kali kuliko zote walizonazo. Kisha akauliza alikuwa akigeuzwa kila baada ya muda gani.

Nilisema masaa mawili. Nilisema nina kumbukumbu.

Tantine alikuwa anatazama sakafu. Hakusema neno, na nilimkasirikia kwa kunyamaza. Nilifikiri: ameruka baadhi ya saa, akaona aibu kusema. Nilifikiri alikuwa akilala. Naandika hili kwa sababu ni kweli kwamba nilifikiri hivyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nilirudi nyumbani kuchukua mashuka. Mvua ilikuwa kubwa, nikasubiri ipungue. Niliketi kwenye kitanda cha Papa. Simu bado ilikuwa imefungwa kwenye chuma chake. Kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno, nikabonyeza REDIO.

Msomaji wa habari alisema ni saa nane mchana.

Simu ilisema saa saba.

Nilitazama juu ya kioo. Laini ya Uganda haikuwa na mtandao. Simu ilikuwa imeshika mnara wa Kongo.

Kila mtoto wa Bwera anajua. Kongo wako nyuma yetu saa moja. Ukikaa upande unaotazama mpaka, hasa mvua inaponyesha na mnara wetu unapodhoofika, simu inahamia kwao yenyewe na saa inarudi nyuma, na baadaye inarejea. Tunawacheka wageni wanaokosa gari kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nimewacheka. Na nilijaribu plagini yangu Kasese, ambako mnara wa Kongo haufiki, nikaja kuifunga kwenye dirisha linaloitazama Kongo.

Nimekaa pale nikaifuata hesabu yote mpaka mwisho. Papa anageuzwa saa nne. Simu inahamia Kongo, saa inarudi kuwa tatu. Ikifika nne tena inapiga mlio wa pili. Ule ndio mlio wa chapati. Ungeachwa hivyo, angegeuzwa mara nyingi zaidi, asingedhurika. Lakini mimi niliandika mstari wangu: kama saa hii imeshapigiwa, nyamaza. Basi simu ikanyamaza, na mlio uliofuata ukaja baada ya masaa matatu. Na mnara wetu unaporudi, saa inaruka mbele, mara nyingine inaipita saa ya mlio bila kuiona, na hapo pia yanakuwa masaa matatu. Siku nyingine mara mbili kwa siku. Siku za mvua.

Nimefungua daftari hili, nikarudi nyuma nikasoma "Mvua" zangu zote.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwambia. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka kidogo na alikuwa na akili zake. Tantine alikuwa ameenda kufua. Nilimwambia habari ya mnara na ya ule mstari. Nilimwambia Tantine alinionya na mimi nikamkataza.

Alisikiliza macho yakiwa juu ya dari. Kisha akauliza mstari huo una maneno mangapi. Nikamwambia ni machache, mstari mmoja tu. Akasema makosa ya umeme pia huwa madogo namna hiyo.

Nikamuuliza, "Papa, wewe ulikuwa unasikia redio. Hukujua kwamba umechelewa kugeuzwa?"

Aligeuza kichwa akanitazama.

"Nilisikia. Nikasema, mashine ya mutoto wangu haiwezi kukosa. Ni masikio yangu njo yanazeeka."

Aliuliza kama nilipata zawadi. Nikasema nilikuwa wa pili. Akataka kujua wa kwanza alitengeneza nini. Jiko la maganda ya kahawa, nikamwambia. Akasema hilo ni jambo la maana, jiko.

Jumatatu, 11 Novemba

Homa imerudi.

Jumanne, 12 Novemba

Tunamgeuza mimi na Tantine, kila baada ya masaa mawili. Nimeazima saa ya mkononi ya muuguzi. Tantine haitazami. Anainuka kabla sijamwambia, na kila mara anakuwa sahihi.

Alhamisi, 14 Novemba

Papa amefariki leo saa tisa alasiri, saa za Uganda.

Jumapili, 17 Novemba

Tumemzika jana. Mwalimu Akena alikuja na Munirah. Mwalimu hakunipa mkono mara moja. Alisimama, akasema yeye ndiye mkubwa na alipaswa kuuliza mara ya pili kwa nini mlio ulijirudia. Munirah hakufanya utani wowote siku nzima. Aliosha sahani zote za wageni, na alipomaliza akaziosha tena.

Kwa Tantine nilipiga magoti jikoni. Nilimweleza yote, nikamwambia pia nilivyomfikiria wodini, kwamba alikuwa akilala. Aliendelea kukoroga chungu.

"Bakubwa hawapaswi kutii mutoto," akasema. "Mi nilitii. Inuka, magoti yako iko ndani ya majivu."

Sijui kama huo ni msamaha. Nimeinuka.

Jumatatu, 25 Novemba

Mitihani. Kasese, jua kali.

Alhamisi, 28 Novemba

Jua. Nimempa Mwalimu Akena cheti changu akiweke yeye.

Jumamosi, 7 Desemba

Shule zimefungwa. Nyumbani.

Asubuhi nimefungua nyaya na kuitoa simu kwenye chuma cha kitanda. Zimeacha mkwaruzo kwenye rangi. Nilitaka kufuta plagini, lakini kabla ya kufuta nikafungua orodha nzima, ile niliyoikata ili jedwali liwe safi. Nilitaka kuona mistari ya TAA tu, kwa sababu ni kidole chake.

Jioni nyingi aliwasha mara moja, giza linapoingia, akazima wakati wa kulala. Hilo nililitarajia.

Kisha nikafika tarehe 15 Oktoba. TAA imewashwa saa 5:00, imezimwa 5:01. Imewashwa saa 7:00, imezimwa 7:01. Imewashwa saa 9:00, imezimwa 9:01. Mchana. Nikatafuta tarehe 23. Saa 5:00. Saa 7:00. Tarehe 25, siku Tantine alipopiga simu, saa 7:00 mara tatu kwa dakika mbili. Tarehe 28. Tarehe 31, kutwa nzima. Nikachukua daftari hili. Siku zisizo na mvua hakuna taa ya mchana hata moja.

Saa zile zimeandikwa kwa saa za Kongo. Nimeongeza saa moja kwa kila mstari. Saa sita. Saa nane. Saa kumi. Ni saa zilezile alizopaswa kugeuzwa, kila moja kwa dakika yake.

Kwa hiyo masikio yake hayakuwa yakizeeka.

Tantine alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliona midomo yangu inatembea, akauliza nahesabu nini. Nikamsomea. Nilimsomea tarehe moja moja na saa moja moja, za Kongo kisha za Uganda, mpaka nikafika tarehe 3 Novemba, ambapo aliwasha saa sita, saa nane na saa kumi, na ile ya saa kumi kidole kilichukua dakika nne kuizima.

Tantine aliweka ungo chini.

"Ile taa ya muchana nilikuwa naiona," akasema. "Nikiwa hapa hapa. Nikamuuliza, Mbusa, jua yote hii, taa ya nini?"

Nikamuuliza Papa alijibu nini.

"Akasema, 'Acha, niko naongea na Chérie.'"